Neno "Nguvu" na Gari la Kukokota Tela: Uhakiki wa Lugha ya Vipuri vya Dizeli

Wapenzi wa lugha wanapozungumzia istilahi, fikra zao huelekea kwanza maabara, mahakamani na madarasani. Ni nadra kwao kufika gereji. Jambo hilo linasikitisha, kwa kuwa gereji ni mahali ambapo Kiswahili kimekuwa kikijiundia maneno bila kungojea kamati yoyote. Fundi hakusubiri mtu amtafsirie klachi, difu, rejeta, nozeli wala ekzosi. Aliyachukua maneno hayo, akayatia katika ngeli, akayapatanisha na vitenzi, na leo hakuna dereva anayeyaona kuwa mageni. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa, katika makala haya, tuutupie jicho uwanja mmoja mdogo wa lugha ya gereji: lugha inayotumika kuuzia, kununulia na kuelezea vifaa vya kuongeza nguvu ya injini za dizeli katika magari yanayokokota matela.

Biashara ya vifaa hivyo imekomaa zaidi nchini Marekani. Huko pikapu kubwa za dizeli hukokota matela ya farasi, ya mashua, ya ng'ombe na hata ya nyumba za kusafiria. Tangu magari ya Dodge yalipoanza kufungwa injini ya Cummins ya lita 5.9 mwaka 1989, na wapinzani wake wakafuata kwa injini zilizoitwa Power Stroke na Duramax, maduka mengi yamejishughulisha na kuuza vipuri vya kuziongezea injini hizo nguvu kuliko zilivyotoka kiwandani. Vipuri vya namna hiyo, pamoja na vijitabu vyake, husafiri. Vinapofika kwetu huangukia mikononi mwa mfasiri, mwalimu wa chuo cha ufundi, au ofisa wa ugavi anayeandika masharti ya zabuni. Hao ndio tunaozungumza nao hapa.

Hoja yetu ni fupi. Kasoro ya lugha hii si uhaba wa maneno. Kasoro ni kwamba neno moja, yaani nguvu, limetwishwa kazi ya maneno manne au matano, nalo limechoka. Matokeo yake hayaishii kwenye ubaya wa mtindo, bali huonekana katika klachi iliyoungua, giaboksi iliyokufa, na breki zilizokataa kushika mteremkoni.

Sentensi moja ya mfano

Tuanze na sentensi hii: "Kifaa hiki huboresha nguvu ya gari lako hadi 400 na kuongeza uwezo wa kuvuta mizigo mizito bila kuathiri injini." Sentensi hii tumeitunga wenyewe, ili tusimguse mfanyabiashara yeyote. Hata hivyo, kila aliyewahi kusoma maelezo ya vipuri atakiri kwamba si ngeni kwake. Kisarufi haina dosari: vitenzi vimepatana na nomino, na hakuna neno lililovunjwa. Mwalimu wa lugha angeipa alama zote. Lakini mnunuzi akiitegemea hatajua amenunua nini, kwa sababu ya mambo matano: nguvu ipi, 400 ya nini, kuvuta kwa namna gani, kuboresha kwa maana ipi, na injini isiyoathiriwa ni injini ya aina gani. Tuyachukue mambo hayo moja baada ya jingine.

Nguvu, kani na mzungusho

Katika usemi wa kila siku nguvu ni neno pana, na si vibaya liwe hivyo. Mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, hoja ina nguvu. Vitabu vya sayansi vimejaribu kuligawa: kani ni kile kinachosukuma au kuvuta kitu, nishati ni akiba ya kufanyia kazi, na nguvu imebakishwa iwe kiasi cha kazi inayofanyika kwa muda fulani, kipimo chake kikiwa wati na kilowati. Mgawanyo huo ni mwema, na mwanafunzi aliyeuelewa ana bahati. Tatizo ni kwamba hauvuki ukuta wa shule. Nje ya shule maneno yote matatu hurudi kuwa nguvu.

Kwa injini ya dizeli kuna kitu cha nne ambacho hakikupata jina lililotulia. Fundi anapofungua nati iliyoshika kutu hutafuta spana ndefu. Mkono wake ni ule ule, na kani aliyo nayo ni ile ile, lakini urefu wa spana humpa uwezo mkubwa zaidi wa kuzungusha. Uwezo huo wa kuzungusha, unaopimwa kwa newtonimita, ndio injini hutoa kwenye shafti yake. Wengine huuita kwa neno la mkopo, toki. Wengine husema msokoto, na wengine kani ya mzunguko. Neno toki linaeleweka gereji lakini halimfundishi kitu mtu asiyelijua. Msokoto hutupeleka kwenye kamba na maumivu ya tumbo, na hudokeza kitu kilichopindwa kikabaki kimepindika. Kani ya mzunguko inavutia, lakini kitu chenyewe si kani. Ni kani iliyozidishwa kwa urefu wa mkono unaozungusha, na ndiyo sababu kipimo chake kina mita ndani yake. Sisi tungependelea mzungusho, kutokana na kuzungusha. Ni neno fupi, lina umoja na wingi, na halijashikwa na maana nyingine ya kitaalamu. Katika makala haya tutalitumia hilo.

Je, tofauti ya nguvu na mzungusho ina faida gani kwa mtu wa tela? Hesabu yake ni nyepesi. Mzungusho kwa newtonimita, ukizidishwa kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha ukagawanywa kwa 9,549, hutoa nguvu kwa kilowati. Injini yenye mzungusho wa newtonimita 400 katika mizunguko 1,600 hutoa kilowati 67. Injini nyingine yenye newtonimita 200 katika mizunguko 3,200 hutoa kilowati 67 zile zile. Mtangazaji ataziita injini hizi mbili kuwa na nguvu sawa, wala hatakuwa amesema uongo. Gia zikichaguliwa vizuri, zote mbili zitaupanda mlima kwa mwendo mmoja. Lakini ya kwanza itaupanda kwa utulivu, na ya pili kwa kelele na kwa kubadili gia mara kwa mara. Anayekokota tela kutwa nzima huipenda ya kwanza.

Upande wa pili wa jambo hilo haupatikani katika matangazo. Mzungusho ndio unaokaza na kutesa klachi, giaboksi, propela shafti na difu. Mtu akiongeza nguvu kwa kuongeza mzungusho katika mizunguko ya chini, anavitwisha vyombo hivyo mzigo ambao mtengenezaji hakuuhesabu. Kijitabu kisicho na neno la mzungusho hakiwezi kutoa onyo hilo hata kikitaka. Ufinyu wa istilahi hapo umegeuka kuwa ukimya.

Tarakimu zisizo na vipimo

Kosa la pili ni la wafasiri, nasi tulio wafasiri hatuna budi kulikubali. Tarakimu huonekana kuwa kitu kisichohitaji kutafsiriwa, kwa hiyo tunainakili tu. Katalogi ya Kimarekani hupima mzungusho kwa ratili na futi, wala si kwa newtonimita. Kipimo kimoja cha huko ni sawa na newtonimita 1.356. Kwa hiyo 400 ya Marekani ni newtonimita 542. Mfasiri akiiandika 400 bila kipimo, na msomaji akaidhania kuwa newtonimita, kosa limezidi theluthi moja ya tarakimu yenyewe. Fundi atachagua klachi ya 400 kwa injini ya 542, na klachi hiyo haitadumu.

Nguvu za farasi nazo zina mtego wake, ingawa ni mdogo. Farasi wa Kiingereza na Kimarekani ni wati 746 hivi, na farasi wa kipimo cha metriki, ambaye kwa miaka mingi alitumika katika vitabu vya magari ya Ulaya na Japani, ni wati 736 hivi. Njia salama ni kuandika kilowati, kisha farasi kwenye mabano kwa ajili ya aliyemzoea.

Mtego mkubwa zaidi umo katika neno tani. Wamarekani huyaita magari yao ya nusu tani, robo tatu ya tani na tani moja. Majina hayo yalitokana na uzito ambao magari ya zamani yaliweza kubeba, lakini leo ni majina ya madaraja tu, na gari linaloitwa la tani moja huweza kubeba zaidi ya hapo. Tena tani yao ni ratili 2,000, sawa na kilo 907, si kilo 1,000. Anayeandika kwa Kiswahili "gari la uwezo wa tani moja" amegeuza jina kuwa ahadi.

Halijoto pia huhitaji uangalifu. Wamarekani wengi wanaokokota matela huchukua nyuzi 1,250 za moshi kabla haujaingia kwenye tabo kuwa mpaka wa kuendesha kwa muda mrefu. Hizo ni nyuzi za Fahrenheit, sawa na nyuzi 677 za Selsiasi. Mwenye geji ya Selsiasi akiambiwa tu kwamba mpaka ni "nyuzi 1,250", pistoni zake zitaharibika zamani kabla sindano haijafika hapo. Aluminiamu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na pistoni nyingi za dizeli ndogo zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Kinachoziokoa ni kupozwa kwa oili na kwa kuta za silinda. Tarakimu bila kipimo ni nusu ya taarifa, na nusu hiyo huweza kudhuru kuliko kukosa taarifa kabisa.

"Uwezo wa kuvuta" na swali la fundi mmoja

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Tuliwahi kuombwa tupitie rasimu ya masharti ya zabuni ya idara moja, ambayo hatutaitaja. Idara hiyo ilihitaji gari la dizeli la kukokotea tela lenye mashine ya kilo 3,000. Katika rasimu hiyo maneno "uwezo wa kuvuta" yalitokea mara tatu. Mara ya kwanza yalimaanisha nguvu ya injini. Mara ya pili yalimaanisha uzito wa tela. Mara ya tatu yalimaanisha uzito wa gari na tela kwa pamoja. Aidha, palikuwa na kifungu kilichoruhusu mzabuni alete gari dogo zaidi, mradi "uwezo wake wa kuvuta uongezwe" kwa kubadili programu ya injini.

Kwa haraka tulirekebisha lugha. Tuliandika kilowati mahali pa nguvu, tukaweka mzungusho na newtonimita zake, tukajiona tumemaliza kazi. Kabla ya kurudisha rasimu tulimwonyesha fundi mmoja mtu mzima, aliyewahi kuendesha malori katika barabara ya kwenda Zambia. Aliisoma polepole, akatuuliza: "Ndugu zangu, nguvu ya kupanda Kitonga mmeiandika. Ya kushuka mmeiandika wapi?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukuiandika. Tulikuwa tumesafisha maneno na kuliacha kosa lenyewe mahali pake.

Tueleze alichokiona. Chukua gari la kilo 3,000 na tela la kilo 3,000, jumla kilo 6,000. Barabara inapanda mita 6 kwa kila mita 100, na mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Kuuinua uzito huo peke yake, tukiacha upepo na msuguano wa matairi, kunahitaji kilowati 49. Dereva akitaka kupanda kwa kilomita 70 kwa saa atahitaji kilowati 69 hivi. Hizo kilowati 20 za nyongeza ndizo anazouziwa dukani, na kweli zipo. Sasa geuza gari literemke mlima ule ule kwa kilomita 50 kwa saa. Kilowati zile zile 49 zinarudi, na safari hii si injini inayozitoa bali ni ardhi inayozisukuma. Sehemu yake italiwa na upepo, matairi na injini. Iliyobaki ni joto, na joto hilo halina pa kwenda ila kwenye breki. Ni kama kuwasha majiko 24 ya umeme ya kilowati mbili mbili, na mengi yake ukayafunga ndani ya magurudumu. Hakuna programu ya kuongeza nguvu inayopanua diski ya breki.

Kwa hiyo uzito ambao gari linaruhusiwa kukokota hauamuliwi na injini peke yake. Mtengenezaji huuweka kwa kutazama breki, chesisi, ekseli, springi, matairi, rejeta na kiungo cha tela, na huchukua kilicho dhaifu kuliko vyote. Mtu akiongeza nguvu ya injini, uzito huo unabaki pale pale. Sentensi yetu ya mfano iliposema kwamba kifaa "huongeza uwezo wa kuvuta" ilisema kweli ukiuelewa uwezo kuwa wa injini, na ilisema uongo ukiuelewa kuwa wa gari. Lugha iliruhusu kweli na uongo vilale kitanda kimoja.

Tunapendekeza vitenzi viwili vitenganishwe. Injini na ivute, kama mafundi wasemavyo kwamba gari fulani "linavuta vizuri". Gari lenye tela na likokote. Kukokota ni neno letu wenyewe, na mkokoteni umetokana nalo. Kisha tuseme uzito wa kukokotwa ulioidhinishwa kwa tela, shehena kwa kilicho ndani ya gari lenyewe, na uzito wa msafara kwa gari na tela pamoja na vyote vilivyomo. Uzito ambao tela hukandamiza kwenye kiungo, ambao kwa matela ya kawaida ya Kimarekani hutakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela, tuuite uzito wa shingo. Ukipungua mno tela hutikisa mkia, na ukizidi mno magurudumu ya mbele ya gari hupoteza mshiko. Uzito wa shingo huhesabiwa kuwa sehemu ya shehena. Jambo hilo husahauliwa na wengi, na lingekuwa vigumu kulisahau kama lingekuwa na jina.

Rasimu ile iliandikwa upya, na kifungu cha kubadili programu kikaondolewa. Hatujivunii, maana aliyekiona kosa hakuwa sisi.

Maneno yanayopaka rangi

Kuboresha ni kitenzi chenye hukumu ndani yake: husema kwamba kilichofanyika ni bora. Kwa injini ya dizeli hukumu hiyo haiwezi kutolewa mapema. Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa hushindiliwa katika silinda hadi ikapata joto la kuwasha mafuta yanayopulizwa na nozeli. Nguvu huongezwa kwanza kwa kuongeza mafuta, na mafuta yakiongezwa bila hewa ya kutosha hayaungui yote. Ndipo moshi mweusi hutoka na joto la ekzosi hupanda. Kuna vijana wanaouona moshi huo kuwa alama ya nguvu. Kwa kweli ni dizeli iliyonunuliwa kwa fedha na kutupwa angani. Neno la haki ni kuongeza nguvu au kubadili injini. Ubora athibitishe mnunuzi baada ya kilomita nyingi.

Kufuta ni neno jingine la kupaka rangi. Wauzaji wa Marekani hutumia neno lenye maana ya kufuta wanapozungumzia kung'oa kichujio cha masizi na vifaa vingine vya kusafisha moshi. Mfasiri akiandika "kufuta kichujio", msomaji ataona mkono wa mwalimu na ubao wa chaki. Kumbe kinachofanyika ni kung'oa kifaa kilichowekwa kwa ajili ya mapafu ya watu, na Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inakataza kukiondoa au kukizima. Tuandike kung'oa. Atakayeng'oa na ajue anang'oa.

Yako pia majina ya vipuri vyenyewe. Sokoni kuna migawanyo miwili tu, orijino na feki. Lakini kipuri kilichotengenezwa kwa uhodari na kampuni isiyotengeneza gari si orijino, wala si feki. Kukiita feki ni kumwonea aliyekitengeneza, na kukiita orijino ni kumdanganya mnunuzi. Tunapendekeza aina tatu: vipuri vya mtengenezaji, vipuri vya kampuni nyingine, na vipuri bandia. Bandia ni kile tu kinachojifanya kuwa kisicho.

Ama maneno "bila kuathiri injini", hayo hayana tafsiri sahihi katika lugha yoyote. Kifaa kisichoiathiri injini hakiwezi kuiongezea nguvu.

Ya gereji tuyaache gereji

Tusije tukaeleweka kwamba twataka kubomoa kila kitu. Baadhi ya maneno ya mafundi ni bora kuliko yale ambayo wanaistilahi wangeyatunga. Kile kipulizo kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kishindilie hewa katika silinda, uvumbuzi uliosajiliwa na Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905, wao hukiita tabo. Mtu angeweza kupendekeza kisukumahewa-kwa-moshi, na hakuna ambaye angelitamka. Tabo libaki. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na hewa ya moto hujaa mahali pengi kwa uzito mdogo, hivyo hupozwa kabla ya kuingia katika silinda. Chombo cha kuipozea twakiita rejeta ya hewa, kwa kufuata rejeta ya maji ambayo kila utingo anaijua. Kinachozuia moshi usitoke ili injini ilishikilie gari mteremkoni ni breki ya ekzosi, na jina hilo halina kasoro.

Istilahi zikitulia, hata ushauri wa kuchagua vifaa huweza kuandikwa kwa mistari michache na mtu akauelewa. Wa kwanza kununuliwa ni macho: geji ya halijoto ya moshi, ya kanieneo ya tabo, na ya halijoto ya oili ya giaboksi. Mwenye kuongeza nguvu bila geji hutembea gizani. Pili ni upoaji, yaani rejeta ya maji, rejeta ya hewa na kipoza oili cha giaboksi, kwa kuwa tela huitesa injini kwa muda mrefu, si kwa dakika moja. Tatu ni njia ya hewa na ya moshi. Nne ndiyo programu ya injini, nayo ichaguliwe ile ya kiasi iliyokusudiwa kukokota, wala si ile ya mashindano. Tano, klachi na giaboksi vilingane na mzungusho mpya. Na katika hatua zote, breki za gari na za tela zikaguliwe, na breki ya ekzosi ifikiriwe, maana injini ya dizeli peke yake huzuia mwendo kidogo. Kwa wengi kifaa kitakachowafaa kuliko vyote ni hicho cha mwisho, ambacho hakiongezi hata kilowati moja. Maneno "kuongeza nguvu" hayawezi kumfikisha mtu hapo, kwa kuwa swali lenyewe limekwisha kumwelekeza dukani kutafuta kitu kingine.

Mapendekezo

Kwa ufupi tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, nguvu itumike kwa kilowati tu katika maandishi ya kitaalamu, na mzungusho kwa newtonimita. Pili, hakuna tarakimu itakayoandikwa bila kipimo chake, na vipimo vya kigeni vigeuzwe. Tatu, kuvuta kuwe kwa injini na kukokota kwa gari lenye tela. Nne, masharti ya zabuni yataje kando kando uzito wa kukokotwa ulioidhinishwa, shehena, uzito wa msafara na uzito wa shingo. Tano, kuboresha, kufuta na orijino visitumike pale ambapo neno lisilo na rangi lipo. Sita, na hili ndilo tunalolisisitiza, rasimu yoyote ya istilahi za ufundi isomwe na fundi kabla ya kupitishwa, naye aulizwe si kama neno ni zuri, bali kama kuna kitu ambacho hakikutajwa.

Huenda mzungusho likakataliwa, na uzito wa shingo likaonekana la kienyeji mno. Hatutasikitika likipatikana lililo bora. Walimu wa vyuo vya ufundi watueleze wanafunzi wao husemaje, wafasiri watuletee sentensi zilizowashinda, na watumishi wa ugavi watazame tena masharti waliyokwisha kuyaandika, waone neno nguvu limetokea mara ngapi na kwa maana ngapi.